Mguu Usiojua Kupanda

Niliondoka Tanga kwa sababu sikuwahi kukabidhi kazi yangu nikaridhika. Nilijifunza mwenyewe kuchonga miguu ya bandia, kwa kuufungua na kuufunga ule wa jirani, na kila nilichochonga nilikikosoa mpaka mwenye mguu akachoka kusubiri. Miaka ile ya Ujamaa vijana tulihimizwa kujitolea. Niliposikia kwamba karakana moja ya hisani huko Lushoto, inayowasaidia watoto walemavu, inahitaji fundi kwa mwezi mmoja, nikafunga randa, tupa na pimamaji ndani ya kanga ya mama.

Saa sita mchana basi lilinishusha Mombo, kwenye joto na vumbi. Nikadandia lori lililokuwa likirudi milimani na matenga matupu. Upande mmoja wa barabara ulisimama mwamba. Upande wa pili hapakuwa na kitu ila hewa. Nilipothubutu kuinua macho niliona mashamba ya mahindi yamening'inia kama nguo kwenye kamba, na watu wakilima humo bila kuanguka. Nilisahau hata kuogopa.

Lushoto nilikabidhiwa Neema, binti wa miaka tisa, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kuumwa na nyoka. Alikuwa amekaa kwenye bweni la karakana mwaka mzima. Bibi yake aliambiwa: siku mjukuu atakayoweza kupanda njia ya kwao Malindi, kijiji cha hukohuko milimani, kwa miguu yake, atarudi nyumbani. Nilichonga wiki mbili. Nikalaza pimamaji kiunoni mwake, povu la kioo chake likatulia katikati kabisa, kuonyesha amesimama sawa. Kwenye sakafu ya karakana alitembea vizuri mno. Nikaridhika.

Jumamosi asubuhi lori lilituacha chini ya kilima cha kwao, bibi yake akitungoja.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Hatua ya tano Neema akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Ncha ya unyayo wa mbao ilikuwa inachimba udongo.

"Mguu huu wa Tanga," alisema akijipangusa, "haujui kupanda."

Nilianza kueleza vipimo vyangu. Bibi alinisikiliza hadi mwisho.

"Fundi, wewe umepima sakafu. Kwetu hakuna sakafu."

Nikafungua kanga ya vifaa. Mbao ikishakatwa hairudi. Ningezidisha, Neema angerudi bwenini kungoja mguu mwingine. Alikaa juu ya jiwe, akauvua, akanipa. Nikapiga tupa kwenye ncha. Akajaribu hatua tatu.

"Bado."

Nikaiviringisha zaidi.

"Bado. Unaogopa, fundi?"

"Naogopa."

"Mbona anayeanguka ni mimi?"

Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Nikashika randa, nikapunguza unyayo wote, unene wa kidole, bila kipimo chochote.

Akavaa, akaondoka. Alipanda kwa kukata ubavu wa kilima, upande huu kisha ule, kama bibi yake alivyopanda mbele. Hakuanguka. Mimi wa miguu miwili nilibaki nyuma nikihema, nikimtazama kama ninavyotazama mvua ya kwanza. Alipofika mlangoni kwao aligeuka.

"Fundi! Nikuletee mkongojo?"

Uani nilishindwa kujizuia, nikampima tena. Povu lilikimbilia pembeni. Nikarudisha pimamaji kwenye kanga.

Mwezi ulipokwisha nilishuka Mombo peke yangu. Neema alibaki kwao. Siku hizi mtoto akiletwa kwangu Tanga, kabla sijashika futi namwuliza kwanza: njia ya kwenu ikoje?