Mbwa Mpeleka Maneno

Nesta wa Ihanda ameishi boma moja na baba mkwe wake tangu alipoolewa, na hadi leo ukimwuliza mzee yule ana sura gani atakujibu kwamba ana kofia. Kofia ndiyo anayoifahamu. Huiona ikija juu ya mikahawa ya shambani, naye huchepuka haraka kabla kilicho chini yake hakijatokeza.

Katika ukoo ule mkaza mwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Si uadui, ni heshima, ingawa mgeni huona ni kitu kilekile. Kanisani Mzee Nathanaeli hukaa benchi la mbele. Nesta hukaa karibu na mlango, na ibada ikiisha hutoka kama mtu aliyeacha maharage motoni. Mchungaji ameikemea mila hiyo mara nyingi. Mzee huitikia amina kwa sauti kuliko wote, kisha hurudi nyumbani kuiendeleza.

Zamani walikuwapo watu wa kuwapelekea maneno. Mama mkwe akafariki, Osward, mume wa Nesta, akaanza kuendesha malori ya Zambia, watoto wakaenda shule za bweni. Akabaki mbwa. Anaitwa Meneja, kwa sababu hushinda amelala na bado hula wa kwanza.

"Meneja," mzee husema akiwa kibarazani, "mwambie mtu wa jikoni kwamba uji wa leo na sukari wamepishana njiani, hata hawakusalimiana."

Na nyuma ya ukuta wa jiko hujibiwa: "Meneja, mwambie babu sukari aliimaliza mwenyewe kwenye chai ya jana."

Kwa njia hiyo wamepanga kupanda mahindi, wamegombana juu ya dawa ya kahawa, wamefarijiana msibani. Nesta alikua bila baba. Hakuwahi kuwa na mtu mzima wa kubishana naye kwa raha kiasi hicho, na siku mzee asipolalamikia uji, humwuliza Meneja kama babu anaumwa.

Ndipo chuo kikuu kikaleta mradi wa afya ya jamii. Gari moja lilishusha wataalamu watatu: Daktari Kasiani wa magonjwa ya wazee, injinia Erica wa maji na vyoo, na Mwalimu Kefa, ambaye kazi yake ni kusoma mila za watu. Mkutanoni walieleza kwamba shida za mwananchi hazikugawanywa kwa vitivo, kwa hiyo nao wataunganisha elimu zao. Watu wakapiga makofi. Kisha Kefa akaondoka kwenda kwa wachimba dhahabu wa Mkwajuni, daktari akapanda mlimani, injinia akabaki na matofali. Kilichoendelea kuwaunganisha ni gari, nalo waligombea.

Erica alijenga choo kimoja bora kwa kila kaya. Cha kina Nesta kilikuwa na bati, sinki jeupe na mlango wenye komeo. Vyoo viwili vya zamani, kimoja cha mzee na kimoja cha wengine, vikafukiwa kwa sababu ya nzi. Mzee Nathanaeli alikizunguka kile kipya, akakigonga kwa fimbo, akakisifu, wala hakuingia. Choo anachoingia mkaza mwana, yeye angeingiaje? Akahamia kwenye mikahawa.

"Meneja, mwambie babu choo nimemwachia. Mimi nitakwenda kwa jirani."

"Meneja, mwambie ameshaingia mara moja. Imetosha."

Basi choo kikakosa mtu. Kuku akatagia humo. Erica alipokuja kukagua alimkuta kuku amekaa kimya kabisa, akasikitika, akabandika mlangoni picha ya kuhimiza matumizi ya choo. Kuku hakuhitaji kuhimizwa.

Mvua ziliponyesha mzee aliteleza huko mikahawani akaumia nyonga. Majirani walimbeba hadi kibarazani, na kesho yake Daktari Kasiani akaja kumpima. Alimkuta akizungumza.

"Meneja, mwambie maji ya kukanda yawe ya moto kweli, mimi si nyanya, sitachubuka."

"Mzee," daktari akauliza kwa upole, "unaongea na nani?"

Mzee Nathanaeli alimwona kijana huyu ni mzito kidogo. Akanyoosha fimbo kuelekea jikoni, na Meneja alikuwa amelala katikati.

"Naongea na mkwe wangu."

Daktari akamtazama Meneja. Meneja akajikuna.

Nesta alisikia yote nyuma ya ukuta. Alitaka kutoka aseme kwamba mkwe mwenyewe ni yeye, lakini mzee alikuwa amekaa pale pale, uso wazi. Akabaki na sufuria mkononi. Daktari akaondoka, akampigia simu Jenista, binti wa mzee anayeuza vitenge Tunduma: baba amechanganyikiwa, anamwita mbwa mkwe, asiachwe shambani.

Jioni Jenista akampigia Nesta. "Wifi, Jumamosi nakuja kumchukua baba."

"Baba mzima, wifi. Ana akili kuliko sisi."

"Daktari amesema. Na nyonga je? Choo mnacho, yeye anajisaidia porini kama nguruwe? Atakaa kwangu." Akakata simu kabla Nesta hajafika kwenye habari ya Meneja.

Nyumba ya Jenista iko kando ya foleni ya malori. Mzee alilala huko mara moja akarudi anasema hata Mungu akiita kule hasikiki.

Jumamosi Jenista akaja na Noah ya kukodi. Mradi nao ukaja, safari hii wote watatu, maana mafuta ya gari yalitosha safari moja tu. Begi la mzee likatolewa nje. Mzee akakataa kunyanyuka.

"Meneja!" Nesta akapaza sauti jikoni. "Mwambie babu awaeleze hawa watu!"

Lakini Meneja alikuwa nyuma ya Noah, akila chapati ya dereva. Aliitwa na wote wawili. Hakugeuka. Cheo humfanya mtu hivyo.

Kofia ya mzee ikainama. Nesta akasikia begi likiburutwa kuelekea gari.

"Daktari!" akaita. "Mwambie babu bila yeye nitapika uji wa nani!"

Kasiani akashtuka. "Mzee, anasema... atapika uji wa nani."

"Mwambie," mzee akamjibu Kasiani, huku akitazama mikahawa, "ule si uji wa kumlilia mtu. Lakini mimi siendi."

"Anasema hauli... hapana, haendi."

"Mwambie basi akubali kupona!"

"Mwambie nitapona nikipata pa kujisaidia ambapo yeye hapiti!"

Shingo ya daktari ilikuwa ikizunguka kama ya bundi. Mwalimu Kefa ndiye aliyeanza kucheka, akajishikilia kwenye Noah.

"Kasiani," alisema, "umepata kazi ya mbwa."

Daktari aliitazama fimbo ya mzee, akautazama ukuta wa jiko, akakaa juu ya begi. "Nilimwandikia mtu mwenye akili timamu kwamba amechanganyikiwa," alisema taratibu.

"Na mimi nilifukia choo chake," Erica akasema.

Jenista akawageukia. "Mila hii mimi naijua tangu utoto! Nyie mliniambia habari ya mbwa, hamkusema Nesta yuko jikoni!"

"Hatukumwona," akasema Kasiani.

"Ndiyo maana yake, daktari!" Nesta akapaza sauti.

Begi likarudishwa ndani, kwa sharti la Jenista kwamba mzee asikanyage tena mikahawani kwa shughuli ile. Mradi ulikuwa na choo kimoja tu kwa kaya, kwa hiyo Kefa akatangaza kwamba hapa pana kaya mbili, na Erica hakubisha. Akachora shimo jipya upande wa pili wa nyumba, mlango ukitazama mlimani, na vyuma viwili ukutani vya kushikilia. Kasiani alishika jembe mwenyewe. Alichimba vibaya.

Siku hizi mzee akiingia huimba wimbo wa kanisani kwa nguvu, ili mtu wa jikoni ajue njia ya kutopita. Nesta huko kwake huitikia sauti ya pili, kwa sababu wimbo si mazungumzo.

Daktari bado hupita kuangalia nyonga. Akifika getini huanza na Meneja.

"Shikamoo, mzee," humwambia. "Wenyewe wapo?"