Nilivyompima Mchumba wa Mjukuu Wangu Jabalini

Kwetu mume wa mjukuu ni mume wangu pia. Ni utani, lakini utani wenye kazi yake. Nikishamwita kijana "mume wangu" mbele za watu, nimempokea, na hakuna shangazi wala mjomba atakayefungua mdomo. Ndiyo maana neno hilo silitoi ovyo.

Mjukuu wangu anasoma Guangzhou, na mimi huenda huko kufunga mzigo wa jinzi. Safari ile akaniletea kijana, mwanafunzi mwenzake kutoka bara, mwembamba kama fimbo ya pazia, anayeamkia kwa kuinama mpaka miwani inataka kudondoka. Tulikula naye mkahawani, tukanywa naye chai. Kila nikimwuliza jambo: "Ndiyo, Bibi." Ningemwuliza kama yeye ni mbuzi angesema ndiyo, Bibi.

Nikamwambia mjukuu wangu: "Mke mwenza, mtu hajulikani mezani. Nipelekeni mahali asipokuwa na pa kukimbilia, nimwone. Na mapema nakuambia, mwoga simpokei. Wewe mwenyewe mende ukimwona unapanda kitandani. Mkiwa waoga wawili nani atamwua mende?"

Nilikuwa nasema tu. Lakini hawa wanaosoma sayansi ukiwapa neno wanalichukua kama lilivyo. Jumapili wakanipakia kwenye gari, tukauacha mji nyuma, tukafika kwenye mlima wenye jabali lililosimama wima kama ukuta. Ukuta mzima umepigiliwa vyuma vya kukanyagia, na pembeni umepita waya mnene wa kujishikizia.

"Ngazi ziko wapi?" nikauliza.

"Ndizo hizo, Bibi," akasema mjukuu wangu.

Sikurudi nyuma. Masoko ya jumla pale Liuhua nayapanda kwa miguu lifti zikijaa marobota, nitashindwa na jiwe? Tatizo likawa dera. Mwongozaji, Mchina mmoja mfupi mwenye mapaja kama vinu, akaonyesha kwamba mikanda ya usalama ya kiunoni haifungwi juu ya dera. Upepo wenyewe ulishaanza kunijaza, nimekuwa hema.

Mjukuu wangu akafungua begi langu akatoa suruali ya jinzi, sampuli niliyoichukua kwenye karakana moja ya Xintang jana yake. Jinzi nimeuza ujana wangu wote na uzee wangu wote, na sijawahi kuivaa hata siku moja. Nikaingia nyuma ya gari nikavaa. Ilinikaa vizuri, nisidanganye.

Tukajipanga. Mwongozaji mbele, kisha mjukuu wangu, kisha mimi, na kijana nyuma yangu akiwa amebeba begi langu lenye chupa ya chai. Eti nikianguka anidake! Nilikuwa namzidi uzito yeye na begi na miwani. Nyuma yake wakafuata akina mama wa Kichina wa rika langu, wamevaa miwani ya jua, wana kelele kama wako harusini.

Kazi yenyewe si ngumu ukiielewa. Una kulabu mbili za mikanda yako kwenye waya. Ukifika penye kifundo, waya ulipopigiliwa jabalini, unahamisha moja, ikishashika ndipo unahamisha ya pili. Akina mama wananipigia kelele, "Nainai, jiayou!", yaani bibi, kaza mwendo, nami nakaza.

Kufika katikati nikamsikia kijana amekwama. Mguu wake unapapasa chuma, haukipati, unapapasa tena. Nyuma akina mama wameanza kunung'unika. Mmoja akapaza sauti, wenzake wakacheka.

"Anasemaje huyo?" nikamwuliza mjukuu wangu.

"Anasema... kijana anapanda amefumba macho."

Nilikuwa nimeanza kumzoea. Nikaita bila kugeuka: "Wewe kijana! Umefumba macho?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini? Unaogopa?"

"Ndiyo, Bibi. Naogopa."

"Unajua nilisema nini kuhusu waoga?"

"Niliambiwa, Bibi."

Juu yangu mjukuu wangu akaanza kulia chinichini. Nikasema basi, yamekwisha, nikanyanyua mguu niendelee na safari. Hapo ndipo nilipohisi upepo, mahali ambapo upepo haukuwa na ruhusa ya kufika.

Lazima nieleze. Mimi sampuli sizipokei zikiwa zimeshonwa nyuma. Namwambia laoban wa karakana, yule bosi mama, mshono wa makalio aushikize kwa bandi tu, ule uzi wa muda, ili niufumue mwenyewe nione ameacha kitambaa kiasi gani ndani. Wateja wangu wa Dar wana maumbile, suruali isiyoachiwa akiba hawainunui. Masharti yangu mwenyewe, nikayasahau! Bandi yote ilikuwa imefumuka, toka mkanda hadi chini, na kaptura yangu ya ndani yenye maua mekundu ilikuwa inaangalia mkoa mzima. Na aliyekuwa chini yake tu, pua karibu iguse, ni yule mtoto wa watu.

"Kijana."

"Ndiyo, Bibi."

"Kabla ya kufumba macho, uliona nini?"

"Jiwe tu, Bibi."

Jiwe! Angesema ukweli angejiokoa na angeniaibisha. Akachagua kukosa mke.

"Kwenye begi mna kanga. Nipe. Na macho usifumbue."

Ukanyooka mkono mwembamba, unapapasa hewani, mpaka nikaidaka ile kanga. Kuifunga kunataka mikono miwili, basi nikaegemea mikanda kama mwongozaji alivyotuonyesha, nikaning'inia pale nikijifunga kiunoni bila haraka. Wale akina mama walipoona wakaelewa kijana alifumba macho kwa nini, wakapiga makofi. Mimi nikawatazama mpaka wakaacha.

Kufika juu nikakaa kwenye jiwe, kanga imekaza. Kijana akafika wa mwisho kati yetu, macho bado yamefumbwa, jasho linamtoka.

"Fumbua sasa," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika. "Fumbua, mume wangu, unipe chupa ya chai."

Mjukuu wangu akapiga kigelegele akiwa hajamaliza kulia. Kijana akafumbua macho akitabasamu, akanigeukia, akageuka nyuma, akaona tulikotoka. Akakaa chini kama gunia, akakumbatia jiwe langu kwa mikono miwili.

Kumbe hata kuogopa alikuwa anaogopa kweli.

"Mke mwenza," nikasema, "njoo umshike mume wetu. Na chai mimina wewe, huyu ataimwaga."