Siku Leza Iliponipofusha, Kwa Mawazo Yangu

Hii ningependa nife nayo moyoni, lakini kwa kuwa kanisa letu zima linaijua, afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi.

Nafanya kazi karakana moja huku ughaibuni, mtaa wa Aston, tunakomaza kalibu za chuma, zile za kufyatulia vipuri vya magari. Mwale wa leza unayeyusha ngozi ya juu ya chuma, ngozi tu, na papo hapo mrija unapuliza unga wa kauri ndani ya kile kidimbwi cha moto, vinachanganyika, na vikipoa chuma kinakuwa kigumu ajabu. Mwale wenyewe hauonekani kwa macho (ndiyo maana unatisha), kwa hiyo mashine imefungiwa kwenye kibanda chenye kidirisha, na bado tunavaa miwani maalumu.

Asubuhi hiyo tulikuwa na wateja waliokuja kuona kalibu yao ikifanyiwa kazi, na miwani yangu ilikuwa imekatika kamba. Nikachukua nyingine iliyokuwa inaning'inia ukutani, wala sikufikiria mara mbili. Nikasimama kidirishani mpaka kazi ikaisha, wateja wakifuatilia kwenye skrini nyuma yangu, halafu nikaivua na kusoma maandishi pembeni: ilikuwa ya mashine nyingine kabisa, ile ndogo ya kuchora alama, ambayo leza yake si ya aina yetu.

Maana yake mwale wetu haiuzuii hata kidogo. Kwenye mafunzo tuliambiwa jicho linaweza kuungua ndani bila maumivu, na mimi sikuwa na maumivu yoyote, basi huo ndio ukawa ushahidi wangu. Sikumwambia mtu. Nikajifungia chooni, nikawasha tochi ya simu, nikajimulika jicho la kulia kwa karibu nione kwenye kioo kama kuna kidonda, nikamulika na la kushoto, na nilipoizima kukawa na doa kubwa la zambarau katikati ya kila kitu, mlangoni, kwenye bomba, kwenye uso wangu mwenyewe. Nikifumba lipo, nikifumbua lipo. Nikakaa sakafuni nikimfikiria binti yangu Neema, kwamba sura nitakayobaki nayo ni ile ya asubuhi, anakula mkate huku amenuna.

Nilitoka nimefumba macho kabisa (niliogopa kumaliza uoni uliobaki), napapasa ukuta, ukuta ukaisha, nikapapasa tumbo la mteja. Papa Kasongo, Mkongomani ninayefanya naye kazi, ndiye aliyenishika. "Mama Neema, kamata mukono yangu," akasema. "Tuende pole pole, niko hapa." Upole wake ndio ulionimaliza, nikalia kwa sauti kwamba leza imenipofusha. Meneja akazima mashine zote, watu wakatolewa nje kwenye mvua, wateja nao, mimi nikakimbizwa hospitali. Njiani Papa Kasongo akampigia dada yangu, naye kwa kuchanganyikiwa akaandika kwenye kundi la kanisa, na kabla sijaitwa ndani mchungaji alikuwa ameshafika na akina mama, wameniwekea mikono kichwani, mmoja analia kama yuko msibani.

Daktari alinifumbua macho kwa vidole, akanichunguza. Akaniuliza nilifanya nini baada ya kuvua miwani, nikaeleza, nilipofika kwenye tochi akaacha kuandika. Macho yalikuwa mazima. Doa lilikuwa la tochi, na lilikuwa limeshatoweka zamani, ila sikuwa nimethubutu kufumbua niangalie. Meneja naye akapiga simu kusema kioo cha kidirisha peke yake kinauzuia mwale wetu, miwani ni kinga ya pili, jambo ambalo nilifundishwa kabisa.

Ilibidi nitoke nikawaambie waliokuwa wakiniombea. Neema, aliyeletwa kutoka shule, akaniuliza kwa Kiingereza (Kiswahili anasikia, kujibu ndiko hataki) kama kweli nilijimulika mwenyewe, tena macho yote mawili. Mchungaji akakohoa, akaangalia viatu vyake.

Baadaye meneja aliniomba niwasimulie wafanyakazi wapya. Walicheka, isipokuwa dada mmoja, akaniuliza kwa sauti ya chini nilikaa chooni muda gani peke yangu na hofu ile.

"Muda wa kutosha kuyazika macho yote mawili," nikamwambia.

Tangu hapo nimeapa, nikiogopa namwambia mtu palepale, hata nikionekana mjinga.