Sauti ya Marehemu Mume Wangu Inanisubiri Nijibu

Masumbwe, Agosti 1996

Kwako Dada wa ukurasa huu, na ninyi nyote mnaosoma,

Mimi ni mama wa miaka sitini na mmoja, mjane tangu mwaka jana. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika mwenyewe, mnisamehe mwandiko. Majina nimeyabadilisha, nanyi naomba mnifiche, kwa sababu naogopa. Nikisikia hatua za mtu uani, hata mchana kweupe, moyo unanienda mbio mpaka nakaa chini.

Mume wangu alikuwa mchimbaji, machimbo ya upande wa Bugarama. Kifua ndicho kilichomchukua. Hakujua kuandika, basi mwaka wake wa mwisho kule alienda kwa rafiki yake mwenye redio kaseti, akanirekodia barua ya mdomo, akampa mtu wa basi aniletee. Ila ile mashine hakuielewa. Alidhani namjibu palepale. Anasema, "Mwangaluka, Mama Kulwa," salamu yetu ya asubuhi, halafu ananyamaza, anasubiri niitikie. Unasikia anavyopumua. Kisha anasema, "Haya, vizuri. Na yule kuku mweusi, ameangua?" Ananyamaza tena. "Aa, unanificha! Najua umeshamla." Anacheka mpaka anakohoa.

Aliporudi nyumbani nilimtania sana. Akasema, "Sasa wewe mwanamke, mtu akusalimie asisubiri aitikiwe? Hiyo adabu gani?"

Baada ya kumzika nikawa naiweka kaseti ile kila asubuhi nikiwasha moto. Akisalimia, naitikia. Akiuliza kuku, namweleza habari za kuku. Siku nyingine namsikia hata redio ikiwa imezimwa. Hilo lilinitisha, nikaenda kumweleza nesi wa zahanati. Alinishika mkono, akasema, "Mama, huna wazimu. Msiba wako bado mbichi. Usijifungie, ongea na watu." Nikarudi nimepata nafuu kidogo.

Lakini watu wenyewe walikuwa wameshaanza kunikwepa. Jirani yangu Mama Shija alizoea kuja kuchukua kaa la moto asubuhi. Siku moja nilimwona dirishani amesimama, kigae mkononi, anasikiliza. Aliondoka bila moto, bila kuaga. Tangu hapo watoto wake wamekatazwa kula kwangu. Kwetu wapo wanaoamini kwamba mchawi anaweza kumficha mtu ndani, nyinyi mkazika gogo la mgomba, naye akabaki msukule wa kumlimia. Na macho yangu ni mekundu kwa moshi na kulia. Mnajua macho mekundu ya mwanamke mzee yanasemwaje huku.

Wiki iliyopita, saa sita mchana, alikuja shemeji yangu Masanja, mdogo wa marehemu, na wazee wawili wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Niliwapa viti, hawakukaa.

"Shemeji," akasema, "kaka yangu unamlaza wapi?"

Nilidhani ni utani. Masanja na mimi tumetaniana miaka thelathini. "Namlaza pale ulipomlaza wewe. Si jembe ulishika mwenyewe?"

Hakucheka.

"Ni kaseti, Masanja. Kaka yako alinirekodia."

"Kaseti ni ya muziki," akadakia mzee mmoja. "Tangu lini kaseti ikasubiri mtu ajibu?"

Nikakimbia kuileta redio wasikie wenyewe. Hilo ndilo kosa langu. Betri zilikuwa zimekufa, nilikuwa nimezianika juani siku mbili zipate nguvu kidogo. Nilipobonyeza, sauti ikatoka nzito, inavutwa, kama ya mtu aliyejazwa udongo mdomoni. "Mwaaa... ngaaa... luuu..." Wale wazee wakarudi nyuma. Masanja akaanza kulia, mtu mzima yule. "Mnamsikia," akasema, "mnamsikia kaka yangu anavyoteseka?"

Nimeambiwa nitaitwa mbele ya kijiji baada ya mnada wa ng'ombe wa mwezi ujao. Wanawake wa umri wangu walioitwa hivyo nawajua. Mmoja nilimwosha kwa mikono yangu kabla hajazikwa.

Mwanangu Kulwa, anayefanya biashara ya mpunga Kahama, amekuja juzi. "Mama, ichome hiyo kaseti, twende ukae kwangu." Lakini nikiichoma watasema nimemhamisha. Nikikimbia watasema nimekimbia naye. Na mimi nitakuwa nimemzika mara mbili. Nesi anasema ninunue betri mpya, niiweke mbele ya mkutano, yeye atasimama pembeni yangu awaeleze jinsi mashine inavyofanya kazi na jinsi msiba unavyomfanya mtu. Namwamini. Betri nimeshanunua, nimezifunga kwenye pindo la kanga.

Ninachoogopa ni mdomo wangu. Nimemwitikia kila asubuhi mwaka mzima. Atakaposema "Mwangaluka, Mama Kulwa," akanyamaza, na kijiji kizima kikanitazama, sijui kama nitaweza kukaa kimya.

Ndugu zangu, ninyi mnaovielewa vyombo hivi na mnaoijua mioyo ya watu, nipeni shauri kabla ya mnada. Niichome, au niende nayo? Na kama barua hii itachapwa mimi sipo tena, nikumbukeni kuwa nilisalimiwa na mume wangu, nikaitikia.