Filamu Aliyoiomba Kaka

Kaka yangu alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi ya watu watano pale Musoma. Mwisho wa wiki walipiga hotelini, na mara nyingine walikodiwa kwenye harusi za Bunda na vijiji vyake. Muziki wao ulikuwa wa dansi, lakini gitaa alilipendea kwenye kibanda cha video cha mtaa wa Mwisenge, kwa sababu ya filamu moja ya tamasha la roki la Wazungu. Mkanda ulikuwa umechakaa hadi picha inaruka. Ulionyesha uwanja wa majani, mvua, umati uliolowa, na vijana wenye nywele ndefu wakipiga kama watu walioambiwa kesho haipo. Nilikuwa msichana mdogo, naye alinipeleka mara kadhaa. Mimi niliziba masikio, yeye alisogea mbele.

Ajali ilitokea asubuhi moja wakitoka harusini Mugeta. Walikuwa na pikapu, vyombo vyote nyuma. Tairi lilipasuka, gari likabingirika hadi kwenye shamba la pamba. Mpiga dramu wao, rafiki ya kaka tangu shule, alifia palepale chini ya spika. Kaka alikuwa mbele, upande wa dirisha. Mkono wake wa kushoto ulisagika, na hospitalini wakamkata vidole vitatu vya katikati.

Mimi nafundisha Bunda. Mama yetu yuko Butiama, peke yake tangu baba afariki, na huko ndiko kaka alikopelekwa. Alikula kidogo, alijibu kidogo. Watu wa jumuiya walikuja kumsalia, akawapa mgongo.

Siku moja nilipokwenda kumwona akaniambia, "Mdogo wangu, ile filamu ya Mwisenge, unaweza kuipata?"

"Ya nini, kaka? Itakuumiza."

"Nimeshaumia. Nitafutie."

Fundi mmoja wa simu Musoma aliniwekea kwenye flashi. Tuliichomeka kwenye runinga ya mama sebuleni. Picha sasa ilikuwa safi, unaona hadi jasho na tope kwenye viatu. Niliogopa kwamba kaka angetazama vidole vya mpiga gitaa, na kweli alivitazama. Kidole gumba na kile kidogo, vilivyobaki, vilikuwa vinatembea juu ya goti lake. Nikageuza macho kwenye runinga ili nisimwone, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliitazama ile filamu sawasawa. Uzi wa gitaa ulikatika, yule kijana akacheka na kuendelea na zilizobaki.

"Huyu hakuzeeka," kaka alisema, akimwonyesha kwa kidevu. "Na yule wa besi naye amekufa. Tazama wanavyocheka. Hawana habari."

Tangu siku hiyo aliiweka kila siku. Mama, ambaye Kiingereza hajui hata neno, aliacha kazi zake akawa anakaa naye. Alianza kuwatambua wale vijana, akamwonea huruma mmoja aliyekonda.

Kisha mjane wa mpiga dramu alikuja kutoka Kigera kutujulia hali. Alikuta filamu inaendelea. Mama alimpa chai, mgeni akakaa, na macho yake yakanasa kwa mpiga dramu wa wale Wazungu.

"Shemeji," alimwuliza kaka, "ninyi mlirekodiwa wapi? Nami nimwone."

"Hatukurekodiwa popote, shemeji."

Akageukia runinga tena. Baadaye akasema, "Alikuwaga anafumba macho hivyohivyo." Alicheka kidogo, akaniomba, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha tena, dada." Machozi yalikuwa yanamtoka, mdomo ameufunga.

Kaka alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta nyuma ya nyumba ameegemea ukuta.

"Nafasi ya mbele ilikuwa yake," aliniambia. "Nilikuwa na usingizi. Nikamwomba tubadilishane."

"Hukujua, kaka."

Alinawa uso, akarudi ndani, akamwambia mjane maneno hayohayo akiwa amesimama. Runinga ilikuwa bado inapiga kelele, mama akaizima.

Yule mwanamke aliitazama runinga iliyozimwa. "Siku zote alikuwaga anakaa mbele," alisema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini walimtoa nyuma." Akaweka kikombe chini, akafunga kanga yake vizuri, akamuaga mama kwa heshima. Kaka hakuagwa.

Baada ya hapo kaka alianza kunywa gongo. Mama alimfichia viatu asitoke, akaenda pekupeku. Nilimsihi, padri alimsihi. Masika ilipokaribia kwisha alinyeshewa akiwa amelala njiani, akapata nimonia, na hospitali haikuweza kumrudisha. Mjane alikuja mazikoni. Alisimama na wanawake wengine, akatupa udongo wake, akaondoka bila kula.

Sasa nikienda Butiama, mama huniambia niweke filamu baada ya misa. Nilidhani anaitazama kwa ajili ya kaka, lakini siku hizi nadhani ana sababu yake mwenyewe, na mimi ninayo yangu. Kaka hayumo mle ndani. Ila wamo watu walio hai kabisa, wanatoa jasho, wanakoseana, wanasameheana kwa kutazamana tu, na mara ya mwisho ya kuwatazama haitofautiani na ya kwanza.

Mwishoni kamera inaonyesha umati ukiondoka kwenye uwanja, wamejifunika mablanketi, wengine wanatembea wameshikana.

"Hawa wote walifika makwao?" mama aliniuliza juzi.

"Sijui, mama."

Akaendelea kuwatazama hadi uwanja ukabaki mtupu.