Tuba ya Vanishi

Wiki jana nilimkuta kijana wa usafi akisugua vishikio vya shaba kwenye mlango wa ofisi moja mjini Wote. Harufu ya dawa aliyotumia ilinipanda puani, kali, kama mkojo wa mbuzi uliochanganyika na mafuta ya taa. Nilisimama pale na mkoba wangu hadi mlinzi akaniuliza, "Madam, umepotea?" Sikuwa nimepotea. Nilikuwa nyumbani kwetu Mbooni, nina miaka tisa, ni Jumamosi jioni, na baba ameketi kwenye kigoda akisugua tuba yake.

Kwa wasioijua, tuba ndiyo tarumbeta kubwa kuliko zote. Mpigaji huipakata mapajani kama mtoto mkubwa aliye mgonjwa, na sauti yake ni nzito kiasi kwamba unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Bendi ya kanisa letu ilikuwa nazo mbili. Moja ilipakwa fedha, nyeupe kama sufuria mpya. Nyingine ilikuwa ya shaba iliyopakwa vanishi, rangi ya asali. Baba, kwa kuwa kifungua mimba, alipewa ya fedha. Ya vanishi ikamwendea mdogo wake, anko Muthama, mtu wa kucheka sana, aliyetuambia sisi watoto kwamba yake ndiyo bora kwa sababu haidai kuoshwa kama bibi harusi.

Na kweli haikudai. Ukungu wa vilima vyetu uliigeuza ya baba manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi, ikabidi aisugue kila wiki. Ya anko ilikaa tu iking'aa. Ilikuwa imefifia mahali pamoja, ubavuni, pale alipoishika kwa mkono wa kushoto miaka yote. Jasho lilikuwa limekula vanishi likaacha alama ya kiganja, vidole na vyote.

Mwaka nilioingia darasa la nne, bendi ilialikwa kwenye mkutano wa kanisa Mtito Andei. Baba hakwenda. Mama alishikwa na uchungu wa uzazi asubuhi hiyo, baba akabaki kutafuta gari la kumpeleka hospitalini. Anko Muthama alipanda pikapu pamoja na wenzake, akatupungia mkono. Walipokaribia kufika, walikutana uso kwa uso na lori lililokuwa likipita jingine. Wengi waliumia. Aliyekufa ni yeye peke yake. Mdogo wangu alizaliwa jioni hiyo, na habari zote mbili zilimfikia susu, mama yake baba, kwa simu moja.

Mtoto alipewa jina la marehemu, lakini nyumbani hakuna aliyeweza kulitamka. Tulimwita Kana, yaani katoto, hadi alipoanza shule.

Tuba ya vanishi ilirudi mdomo umebonyea na mkwaruzo mrefu umeichana upande mmoja. Kanisa lilimwachia susu. Aliiweka kitini sebuleni kwake, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama mgeni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba letu la maharagwe, nami nilitumwa huko na maziwa kila siku. Mara nyingi nilimkuta ameketi kando ya tuba, mkono wake umelala pale penye alama.

Mvua zilipoanza, kutu ya kijani ilitokea kwenye mkwaruzo. Iliingia chini ya vanishi na kutambaa polepole, kama ukungu ndani ya mkate. Kila Jumapili baba alipotoka kanisani alipitia kwa susu, na kila Jumapili susu alianza.

"Kioko, hiyo yako inang'ara mpaka watu wanajiona. Hii inaozea kwangu."

"Mama, za aina hiyo hazisuguliwi. Ya fedha ukiisugua inarudi. Ya vanishi ikishakwaruzwa, ni kuivua yote."

"Si uivue basi!"

"Itabadilika, mama."

"Hata alipokuwa hai, kizuri kilikuwa chako."

Baba alimaliza chai yake, akaondoka. Jumapili iliyofuata alirudi, na maneno yakawa yale yale. Hakuwahi kumwambia ni kitu gani hasa kingeondoka pamoja na vanishi. Nilidhani hakuwa amekiona.

Mwisho wake aliibeba hadi uani kwetu, na dawa ya kutolea rangi. Aliipaka kwa brashi, machozi yakatutoka kwa ukali wake. Vanishi ilijikunja, ikabambuka kama ngozi ya nyanya iliyomwagiwa maji moto. Alikwangua, akasugua, akakwangua, hadi akafika kwenye ile alama. Hapo aliacha. Aliweka kiganja chake mwenyewe juu yake, kidole kwa kidole, akakaa hivyo hadi mama akatoka jikoni kumtazama. Kisha akachukua kitambaa, akapasugua napo.

Nilifuatana naye kuirudisha. Tuba iling'aa kuliko nilivyowahi kuiona, shaba tupu, nyekundu kidogo. Susu alitabasamu mlangoni. Akaketi, akaunyoosha mkono pale alipozoea kuuweka. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mkono wake uko wapi?" aliuliza.

Baba alisimama akiwa ameshika kofia yake.

Baada ya hapo baba hakupitia tena Jumapili. Alimpelekea kuni na maji, akaviacha mlangoni. Susu alifariki mwaka uliofuata, na hadi siku hiyo sikuwasikia wakizungumza zaidi ya salamu.

Utotoni niliamini waliharibiana kwa ajili ya tuba. Nilikuwa mtu mzima, nimezika watu wangu, nilipoelewa. Muda wote ule hawakuthubutu kusema neno juu ya pikapu, wala lori, wala kwa nini mmoja alikwenda na mwingine akabaki. Walichoweza kuzungumzia ni vanishi. Susu alipomlaumu baba, alikuwa akimlilia mwanawe aliyekufa mbele ya mwanawe aliyebaki, na baba alikuja kila wiki kulaumiwa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuomboleza. Siku alipomtii mama yake, yale mazungumzo yalikwisha. Hawakuwa na mengine.