Marahaba ya Baba Mkwe

Mwaka ule tulipong'oa mibuni ya upande wa juu tupande nyanya, baba mkwe aliacha kunijibu. Ndivyo nilivyodhani mimi. Kila asubuhi nilipita uani kwake na majani ya ng'ombe, "Shikamoo, baba," naye kimya. Midomo yake hata siioni, ndevu zimeifunika. Nikasema moyoni, huyu amenichukia. Wazo la nyanya lilikuwa langu, na kijiji kizima cha Kilema kilijua.

Kwetu mzee akikunyima marahaba, chakula hakipiti. Nilikuwa na mtoto mchanga, nikaogopa asije akapatwa na laana ya kahawa tuliyoing'oa. Nikamweleza mume wangu, naye akanung'unika tu. Nikamfokea aongee kama mwanamume.

Basi nikachuma jani la isale. Ukimpelekea uliyemkosea jani hilo, hawezi kukunyima msamaha. Nikapiga magoti mbele ya mzee. Akaduwaa. Mama mkwe, ambaye sauti yake nyembamba naipata hata akiwa mgombani, akaja mbio.

"Msamaha wa nini? Anakujibu kila siku. Wewe ndiye unampita tu."

Nikainuka, nikiwaza. Ndege nawasikia, mtoto akilia namsikia. Kumbe mvua zote zile nilizodhani hazina ngurumo, zilikuwa nazo.

Hospitalini Moshi daktari wa kike alinivisha visikizio masikioni, akapima. Akasema neva ya sikio la ndani imedhoofika upande wa sauti nzito, nyembamba bado ziko salama. Nikauliza kama nzito zitarudi. Wengine hurudiwa, akasema, wengine huja na kupotea, wengine hubaki hivyo hivyo. Wapo pia ambao baadaye hupoteza na zile nyembamba.

"Mimi ni yupi?"

"Hilo siwezi kukuambia leo."

Nilimkasirikia, kana kwamba anajua ananificha. Njia nzima nilimkumbatia mwanangu akilia, naogopa hata kumbembeleza anyamaze.

Baba mkwe alinyoa ndevu zake zote. Akawa ananijibu polepole, nione midomo. Asubuhi moja nikaisikia: marahaba, nzito, ya kukwaruza. Nikaangusha majani nikamwomba aseme tena. Akasema tena, huku anacheka, nami nikalia pale pale uani.

Kesho yake niliona midomo tu. Nikatabasamu kama niliyesikia, nikakimbilia ndani, nikamwamsha mtoto ili alie, nijue kama bado namsikia.